Kabla Kopo la Dawa Halijafunguliwa

Vifaranga wa nyama wanapofika wiki ya nne, mifuko ya chakula ikiwa imekwisha kuliwa na mteja amekwisha kuahidiwa, ndipo gumboro hupenda kuingia. Asubuhi mfugaji anakuta kuku wamejikunyata, manyoya yamesimama, wengine wanaharisha kinyesi cheupe cha majimaji na kujidonoa sehemu ya haja. Vifo vinaanza, siku mbili tatu zinazofuata vinapanda, na ndani ya wiki moja ugonjwa umepita. Waliobaki wanauzwa haraka. Banda linafagiliwa, linapuliziwa bomba moja la dawa, na baada ya siku kumi vifaranga wapya wanashushwa. Wiki ya nne ikifika, mambo ni yale yale. Hapo lawama humwangukia aliyeuza vifaranga, au chanjo, au jirani mwenye jicho baya.

Mara nyingi ugonjwa haukutoka nje. Ulikuwa umebaki bandani.

Gumboro ilipata jina lake kutoka eneo la Gumboro katika jimbo la Delaware, Marekani, ambako ilianza kuonekana kwenye mashamba ya kuku mwaka 1957 na kuelezwa kitaalamu mwaka 1962. Watafiti waliochunguza mabanda yaliyokuwa na wagonjwa walikuta jambo ambalo mfugaji wa Kibaha, Chanika au Kiambu angefaa kulijua kabla hajanunua kifaranga hata mmoja. Banda lililoondolewa kuku wagonjwa liliweza kuambukiza kuku wengine baada ya siku 54, na hata baada ya siku 122. Maji, chakula na kinyesi vilivyotoka humo vilikuwa bado na virusi hai baada ya siku 52. Siku 122 ni miezi minne. Katika muda huo mfugaji wa kuku wa nyama anakuwa amepitisha awamu mbili na pengine ameanza ya tatu.

Ukaidi huo unatokana na umbile la kirusi chenyewe. Virusi vya mdondo, ambao wengine huuita kideri, na vile vya mafua ya ndege vimevaa koti la mafuta. Sabuni ikilichana koti hilo, kirusi kimekwisha. Kirusi cha gumboro hakina koti la kuchanwa. Tindikali kali haikitishi, joto la nyuzi 56 kinalivumilia kwa saa tano, na dawa nyingi zinazosifiwa madukani kinazivuka. Kinachokishinda ni dawa za aina chache, mazingira yenye alkali kali kama ya chokaa mbichi, na zaidi ya yote kuondolewa kabisa pamoja na uchafu kinamojificha. Banda likiandaliwa kwa kiwango cha kuishinda gumboro, mdondo na mafua ya ndege huondoka katika msafara huo huo bila kugharamiwa upya.

Ipo sababu nyingine ya kuipa gumboro kipaumbele. Ugonjwa huu hushambulia kifuko kidogo kilicho juu ya njia ya haja ya kifaranga, kiwanda cha askari wa mwili. Kifaranga aliyepona gumboro akiwa mdogo anabaki na kinga dhaifu, na chanjo ya mdondo anayopewa baadaye huenda isishike vizuri. Ndiyo maana mfugaji mmoja anaweza kuchanja kwa ratiba bila kukosa hata siku moja na bado mdondo ukamfagilia kuku. Tena banda lililojaa virusi humshambulia kifaranga mapema, wakati kinga aliyorithi kwa mama inapungua na chanjo haijaanza kufanya kazi. Chanjo inahitaji siku kadhaa za kujenga ulinzi, na banda chafu halimpi kifaranga siku hizo.

Kazi ya kweli, basi, huanza siku kuku wa mwisho anapotoka, na hatua yake ya kwanza karibu kila mtu huiruka: wadudu. Ndani ya maranda yaliyokaa muda mrefu huishi mende wadogo weusi, wa milimita sita hivi, pamoja na funza wao. Virusi vya gumboro vimewahi kupatikana kwa wadudu hawa wiki nane baada ya mlipuko. Kuku wakiondoka na joto likashuka, mende hupanda kuta na kujificha kwenye nyufa na mbao za paa, wakingoja awamu mpya. Dawa ya wadudu ipuliziwe pembezoni mwa sakafu na sehemu za chini za kuta siku hiyo hiyo, kabla hawajahama. Wiki moja baadaye utakuwa umechelewa.

Kisha maranda. Yanyunyiziwe maji kidogo kabla koleo halijaguswa, kwa sababu vumbi la banda ndilo gari la ugonjwa wa mahepe: virusi vyake hutoka na magamba ya vinyweleo vya manyoya, na ndani ya vumbi hilo hudumu miezi. Anayezoa afunge pua na mdomo. Maranda yajazwe kwenye mifuko, mifuko ifungwe, na yote yapelekwe mbali na mabanda. Ajabu ni kwamba hata wafugaji makini kwa kila kitu kingine hurundika mbolea hatua kumi kutoka mlangoni, kuku wa kienyeji wa mtaa mzima wakaja kuichakura, halafu wakazunguka banda jipya wakitafuta punje zilizomwagika. Mbolea inayotarajiwa kutumika bustanini irundikwe, ilowanishwe kiasi, ifunikwe kwa turubai na igeuzwe mara kadhaa ili ya nje iingie ndani kwenye joto. Kwa kirusi kinachostahimili nyuzi 56 kwa saa tano, lundo lililopata moto siku moja halitoshi. Liachwe wiki kadhaa.

Banda likiwa tupu, ufagio huanzia juu: paa, mbao, utando wa buibui, wavu, kuta, na sakafu mwishoni. Wavu husahaulika sana, ingawa vumbi la manyoya huganda hapo kuliko mahali pengine popote. Baada ya kufagia ni maji na sabuni. Sabuni ya unga ya kufulia inafaa. Kuta na sakafu zilowanishwe, ziachwe dakika 20 au 30 uchafu ulainike, kisha zisuguliwe kwa brashi ngumu na kusuuzwa. Njia nzuri ya kujikagua ni kupitisha kitambaa cheupe kilicholowa kwenye pembe ya ukuta na sakafu. Kikitoka na rangi ya kahawia, kazi haijaisha, na kopo la dawa libaki limefungwa.

Msisitizo huu si wa usafi kwa ajili ya usafi. Klorini na iodini hufanya kazi kwa kuungana na kitu kinachooza, na haziwezi kutofautisha kati ya kirusi na kinyesi. Zikikuta tabaka la kinyesi, huishia hapo, na kirusi kilicho chini yake kinabaki salama. Mfugaji anayepulizia dawa ghali juu ya sakafu iliyofagiliwa tu amenunua harufu ya hospitali.

Sabuni nayo isuuzwe vizuri. Dawa za kundi ambalo vibandiko hulitaja kama benzalkoniamu kloraidi huzimwa na mabaki ya sabuni ya kawaida. Baada ya kusuuza, banda likauke, kwa sababu maji yaliyosimama sakafuni huipunguza nguvu dawa inayofuata.

Sakafu ya udongo ni tatizo la peke yake. Haisuguliki, na maji huvishusha virusi ndani zaidi. Kinachowezekana ni kukwangua inchi moja au mbili za juu, kuziondoa kabisa, kushindilia upya na kumwaga chokaa. Anayepanga kufuga kwa miaka mingi atapata faida kubwa zaidi kwa kuweka saruji na kuziba nyufa kuliko kwa kununua dawa yoyote iliyo sokoni. Hilo halisemwi sana, kwa kuwa mwenye duka la dawa za mifugo hauzi saruji.

Chokaa nayo inastahili heshima kuliko inayopewa. Chokaa mbichi ikichanganywa na maji hutoa alkali kali, zaidi ya kiwango cha 12 cha kipimo cha pH, na hapo kirusi cha gumboro hudhoofika. Kupaka kuta chokaa nzito, na kuimwaga kwenye sakafu ya udongo na njia ya kuingilia, ni kazi ya gharama ndogo yenye matokeo. Lakini iwe mpya. Chokaa iliyokaa kwenye gunia wazi kwa miezi hufyonza hewa na kugeuka kuwa kitu kama chaki, kizuri kwa rangi tu. Ikiwa mbichi huunguza macho na ngozi, kwa hiyo glavu na miwani si mapambo, na vifaranga wasiingizwe hadi iwe imekauka na kufunikwa kwa maranda safi.

Kuhusu dawa yenyewe, kibandiko kina habari nyingi kuliko muuzaji. Kwa gumboro, mfugaji atafute maneno kama glutaraldehaidi, iodini au klorini, au unga wa rangi ya waridi uitwao Virkon S. Dawa zenye benzalkoniamu peke yake zinaweza kutosha kwa mdondo kwenye sehemu iliyosafishwa, lakini kwa gumboro ni dhaifu. Nyingi za siku hizi huchanganywa na glutaraldehaidi kwa sababu hiyo hasa. Jik ya kufulia ni klorini pia. Yenye asilimia 3.5, ikichanganywa lita moja na lita sita za maji, hutoa mchanganyiko wa asilimia 0.5, ule ule ambao wahudumu wa afya huutumia kusafishia. Ichanganywe siku ya kutumika, kwa kuwa jua na muda huila nguvu, na ikumbukwe kwamba hula chuma. Isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali wala kumwagwa juu ya kinyesi chenye harufu kali ya amonia: hewa inayotoka huumiza mapafu ya mtu.

Hesabu ndiyo inayowaangusha wengi. Chukua banda la mita 10 kwa 5, kuta zake zikiwa na urefu wa mita 2.5. Sakafu ni mita za mraba 50, kuta 75, upande wa chini wa paa 50 nyingine, jumla 175. Kipimo cha kawaida cha kulowanisha ni mililita 300 kwa kila mita ya mraba, yaani zaidi ya lita 52 za dawa iliyokwisha kuchanganywa. Bomba la mgongoni hubeba lita 16. Kwa hiyo banda hilo linataka zaidi ya mabomba matatu, na kama dawa ni Virkon S ya asilimia moja, gramu 10 kwa lita, zinahitajika gramu 525. Hata nusu ya kuta ikiwa wavu, bado ni lita 41. Yule aliyepulizia bomba moja ametibu theluthi ya banda, au amelifuta lote kwa ukungu uliokauka kabla haujafanya kitu.

Kukauka huko ni jambo zito katika nchi za joto. Dawa nyingi zinataka ukuta ubaki umelowa kati ya dakika 10 na 30, kulingana na kibandiko. Saa saba mchana, Dar es Salaam, chini ya bati, ukuta hukauka dakika chache tu. Kazi ifanyike alfajiri au jioni, mpuliziaji akianza mwisho wa banda na kurudi nyuma kuelekea mlangoni, asije akakanyaga alipokwisha kupita.

Wapo wanaoshauri kufukiza kwa formalini na permanganeti. Ushauri huo ulizaliwa kwenye vyumba vya kutotolea vinavyozibika, na kwenye banda lenye wavu pande mbili hewa yote huishia kwa majirani. Zaidi ya hayo, mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka formaldehaidi, ambayo ndiyo hewa hiyo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Hakuna haja.

Vyombo vya maji na chakula vioshwe nje, viloweke kwenye dawa, visuuzwe na kuanikwa juani. Penye mabomba ya maji na chuchu, utelezi unaojijenga ndani ndio maficho; mabomba yafunguliwe mwisho na kusukumwa kwa maji mengi, kisha kujazwa dawa ya kusafishia mabomba na kuachwa kwa muda ulioandikwa.

Baada ya hapo, mapumziko. Wiki mbili ndicho kima cha chini ambacho wataalamu wengi hutaja, na zihesabiwe tangu banda lilipokauka baada ya dawa, si tangu kuku walipouzwa. Hapa ndipo shinikizo la fedha huingia: marejesho ya kikoba hayangoji banda lipumzike, na kifaranga aliyewekewa oda hufika siku aliyopangiwa. Busara ni kuagiza vifaranga baada ya kuosha, wakati tarehe ya kweli inajulikana. Mapumziko bila kuosha hayasaidii kitu dhidi ya kirusi cha siku 122, na anayelazimika kuchagua kati ya kuosha vizuri na kusubiri sana, aoshe.

Vifaranga wakishafika, dawa hubadilika kuwa adui mara moja kwa wiki, siku ya chanjo. Ratiba iliyozoeleka ni mdondo siku ya 7, gumboro siku ya 14, mdondo tena siku ya 21 na gumboro siku ya 28, ingawa mtaalamu anaweza kuibadilisha kulingana na eneo. Nyingi kati ya chanjo hizo ni virusi hai vilivyopunguzwa makali na hutolewa kwenye maji ya kunywa. Mfugaji aliyezoea kutia klorini kwenye maji, au anayetumia maji ya bomba yenye klorini, huiua chanjo kabla kifaranga hajameza tone. Klorini isimamishwe angalau siku moja kabla na siku moja baada, vyombo visuuzwe kwa maji matupu, na maji yatiwe maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, ili kuzima mabaki. Kwa kuku wa kienyeji ipo njia inayokwepa tatizo hilo lote: chanjo ya mdondo ya I-2, iliyoendelezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, na ambayo hutengenezwa Tanzania pia. Ni tone moja kwenye jicho, kurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Banda safi huchafuliwa kwa miguu. Mnunuzi anayepita mabanda matano kwa siku na matenga yale yale, mchanjaji mwenye viatu vya jana, trei za mayai za makaratasi zinazozunguka kutoka duka hadi shamba, mifuko ya chakula iliyonunuliwa ikiwa imetumika: hizi ndizo njia kuu. Tenga la mnunuzi likae barabarani, kuku wapelekewe huko. Trei za makaratasi zisirudi. Beseni la dawa mlangoni ni zuri, lakini kiatu chenye tope la kinyesi hakitakaswi kwa kuchovywa sekunde mbili. Na beseni lililojaa majani, lisilobadilishwa tangu Jumapili, ni kidimbwi tu. Kinachofanya kazi kuliko beseni ni jozi ya viatu vya plastiki visivyotoka bandani kamwe. Anayeingia anavua vyake nje, anavaa vya ndani, ananawa mikono. Gharama yake ni ndogo kuliko kopo moja la dawa.

Na ugonjwa ukiingia pamoja na hayo yote? Dawa kali za kuta zisipuliziwe juu ya kuku. Wazima, walio kwenye banda jingine, wahudumiwe kwanza na wagonjwa mwisho, kwa viatu na nguo tofauti. Waliokufa wafukiwe kwenye shimo refu lenye chokaa au wachomwe kabisa. Hakuna wa mbwa, hakuna wa supu, na hakuna wa kuwahishwa gengeni. Mwezi Januari 2017, ndege pori walipokufa kando ya Ziwa Victoria karibu na Entebbe na baadaye mafua ya ndege aina ya H5N8 yakathibitishwa Uganda, Kenya ilizuia kuku na mayai kutoka huko, na wafugaji wasio na mgonjwa hata mmoja wakakosa soko. Kwa hiyo vifo vingi vya ghafla, hasa pakiwa na bata au ndege pori waliokufa jirani, visiachwe viwe siri ya familia. Afisa mifugo wa kata aitwe, na kuku wawili watatu waliokufa punde, wakiwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki na barafu, wafikishwe maabara ya mifugo iliyo karibu siku hiyo hiyo, kabla hawajaanza kuoza.